Sumu Tuliyoiita Dawa: Historia ya Josho na Somo kwa Handeni

Mfugaji wa Handeni husema anapeleka ng'ombe joshoni wakapate dawa. Neno hilo limeficha ukweli: kilichomo joshoni ni sumu, iliyopimwa imwue kupe na kumwacha ng'ombe.

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992, alieleza jinsi Wazigua walivyodhibiti kupe na mbung'o kwa kutawala vichaka na malisho, hadi ukoloni ulipoivuruga mizani hiyo. Dhidi ya ndigana kali, serikali za kikoloni katika Afrika Mashariki zilileta majosho ya aseniki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja toksafeni, kisha oganofosfeti.

Kila sumu ina dalili zake. Aseniki humharisha mnyama. Toksafeni humtia degedege. Oganofosfeti humtoa udenda na kumbana pumzi. Atropini humfaa huyu wa mwisho, wala si kiuasumu cha aseniki.

Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania iliuridhia 2004, uliipiga marufuku toksafeni. Lakini aseniki haiozi. Huweza kubaki miaka mingi katika udongo wa josho lililoachwa, mbuzi wakachunga na watoto wakacheza juu yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wa tiba ya mifugo, awe SUA Morogoro au LITA Buhuri, asikariri viuasumu pekee. Afundishwe kuuliza: hapa palikuwa na nini? Nazo halmashauri ziweke rejista ya majosho ya zamani, ili swali hilo lipate jibu. Asiyejua historia ya mahali hutibu kwa kubahatisha.