Tulisimama Mara Tatu, Tukakosa Goli: Historia ya Chupa na Mpira Kwenye Barabara ya Machakos

Jumapili, 17 Disemba 2017. Fainali ya CECAFA, Kenya dhidi ya Zanzibar, Kenyatta Stadium, Machakos. Tulikuwa watu kumi ndani ya mathree ya kukodi, na mpango wetu ulikuwa umeandikwa kwa karatasi ya daftari kabisa: Mlolongo, Athi River, Kyumvi. Vituo vitatu. Kila kituo kilikuwa na dakika zake na mtu wa kununua raundi yake. Mimi ndiye niliandika hiyo karatasi. Nilikuwa na kitambulisho kipya na nilijiona nimekuwa mtu.

Kenya ilifunga mapema sana. Wakati huo sisi tulikuwa kwa foleni ya magari tukiingia mjini. Hatukuona goli. Tulilisikia. Ile sauti ya uwanja mzima ilikuja juu ya mabati ya maduka, na sisi tukaanza kupiga kelele ndani ya gari kama wajinga, tukishangilia kitu ambacho tulikuwa tumelipia tiketi kuona.

Mtu mmoja tu wa kundi letu aliliona hilo goli. Beste yetu, dem ambaye hanywi pombe. Pale Kyumvi, raundi ilipoongezwa ambayo haikuwa kwa karatasi, alichukua begi yake akasema, "Mimi nilitoka nyumbani kuona mechi." Akapanda mathree nyingine, akatuacha.

Nimekuwa nikifikiria hiyo karatasi kwa miaka. Na nilipoanza kusoma historia ya pombe na mpira hapa kwetu, niligundua kitu: sisi hatukuwa wa kwanza kupanga hivyo, na ratiba yetu hata hatukuiandika peke yetu. Kuna watu waliiandika kabla yetu.

Kwanza, kwa nini Machakos?

Kama wewe ni fan wa Ulaya, mechi ya nyumbani ni uwanja ule ule kila wiki. Hapa kwetu si hivyo. Gor Mahia ni ya 1968. AFC Leopards ni ya 1964, ilipoanza kama Abaluhya. Zote mbili ni kubwa kuliko wazazi wetu wengi, na hakuna hata moja yenye uwanja wake mkubwa. Wanacheza pale serikali imefungua. Nyayo ikifungwa kurekebishwa na Kasarani ikiwa na shughuli nyingine, mechi inahama.

Ndipo Machakos ikaingia. Kaunti ilirekebisha Kenyatta Stadium wakati wa Gavana Alfred Mutua, na kuanzia 2014 hivi ule uwanja ukawa kimbilio. Sofapaka wakauita nyumbani. Gor na Ingwe wakauita nyumbani mara nyingi, hata kama mashabiki wao wengi wako Nairobi, zaidi ya kilomita 60 kutoka hapo. Kwa ratiba ya ligi iliandikwa "nyumbani". Kwa mfuko wako na kwa siku yako, ilikuwa ugenini.

Mwaka wa 2017 mambo yalizidi. Viwanja vilifungwa kwa sababu tulikuwa tunajiandaa kwa CHAN 2018. Hatukuwa tayari, na Septemba hiyo CAF wakatunyang'anya mashindano, yakaenda Morocco. Sisi tukabaki na viwanja nusu nusu na safari ya Machakos.

Kwa hivyo ukiuliza mbona mashabiki wa Kenya wanasimama kwa baa njiani, jibu la kwanza ni rahisi: kwa sababu kuna njia. Uwanja ungekuwa nyuma ya mtaa wako, ungetembea tu.

Na Machakos yenyewe ilizaliwa kama kituo cha safari. Wakamba walikuwa wakipeleka misafara pwani karne ya 19, na Waingereza wa kampuni ya IBEA walipojenga ngome yao hapo mwaka wa 1889, ilikuwa pa kupumzika na kununua chakula kwenye barabara ya kwenda Uganda. Halafu reli ikapita kando, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na makao ya serikali yakahamia huko. Tangu hapo ni sisi wa Nairobi tunaorudi Machakos tukitafuta kitu.

Nani alipanga saa ya kunywa?

Mjomba wangu anakaa upande wa Machakos, na huwa anatucheka. Anasema kwa Wakamba wa zamani uki, ile pombe ya asali, haikuwa ya vijana. Ilikuwa ya wazee, na ilikuwa na sababu yake: mahari, baraka, kesi kuisha. "Nyinyi mnakunywa mkienda," ananiambia. "Wazee walikunywa wakiwa wamefika."

Halafu wakoloni wakaja na saa zao. Nairobi, tangu miaka ya 1920, baraza la mji lilijitwalia biashara ya kuuzia Waafrika pombe. Mfumo huo waliuiga kutoka Durban, Afrika Kusini. Ulikunywa kwa ukumbi wa baraza Pumwani, saa za baraza, chini ya macho ya baraza. Ukipika yako nyumbani unashikwa. Faida iliingia kwa mfuko uliolipia huduma za mitaa ya Waafrika. Yaani mtu alikunywa ndiyo mtaa wake upate huduma ambazo alikuwa anazilipia kodi tayari.

Wakati huo huo, mwaka wa 1922, ndugu Wazungu walianzisha kampuni ya bia ambayo leo tunaiita Kenya Breweries. Mwaka uliofuata mmoja wao, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwinda. Bia ikaitwa Tusker kwa heshima ya huyo ndovu, ama ya marehemu, amua mwenyewe. Baadaye kampuni hiyo ikawa na timu ya mpira. Kenya Breweries ilikuwa bingwa wa ligi 1972, kisha 1977 na 1978, na leo inaitwa Tusker FC. Kuna wakati hata ligi kuu yenyewe iliitwa Tusker Premier League.

Sasa niambie. Timu ina jina la bia. Ligi ikapewa jina la bia. Halafu shabiki akisimama Mlolongo kununua hiyo bia, tunaitwa kizazi kilichopotea.

Hata lile kombe la 2017 lina babu wa aina hiyo. CECAFA ilitoka kwa Gossage Cup, iliyoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni. Mpira wetu umekuwa ukiuza vitu vya watu tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya Mututho

Hapa ndipo ile karatasi yangu inaingia. Mwaka wa 2010 Kenya ilipata sheria mpya ya pombe, ile tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeisukuma. Ilihalalisha chang'aa, ambayo ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1980, mradi ipikwe na kupakiwa kwa viwango. Na ikaweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana.

Fanya hesabu na mimi. Wikendi, baa inafunguliwa saa nane. Mechi nyingi za ligi zinaanza saa tisa. Una dakika 60. Nairobi hadi Machakos, bila kusimama popote, barabara ikiwa nzuri, zinaisha zote.

Kisheria, basi, kusimama kwa baa njiani kabla ya mechi ya saa tisa hakuwezekani. Lakini uliza mtu yeyote aliyefuata timu Machakos kama watu walifika bila kuonja. Kuna mlango wa nyuma. Kuna hoteli ya nyama ambayo chai yake ina povu. Kuna msee wa duka na karatasi nyeusi. Athi River imekuwa na kiwanda cha nyama cha KMC tangu 1950, na hakuna mtu atakula mbavu na maji pekee.

Mimi sisemi sheria ilikuwa na nia mbaya. Juni 2005, zaidi ya watu 40 walikufa hapa hapa Machakos baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka kwanza, halafu wakafa. Ukijua hiyo, hutachekelea mtu anayetaka pombe iwe na sheria.

Ninachosema ni kwamba kufupisha saa hakufupishi kiu. Watu wanakunywa kiasi kile kile kwa dakika chache. Mtu aliyekuwa anakaa na chupa mbili mchana mzima anazimaliza amesimama, mkono mmoja kwa mlango wa gari. Halafu wote wanaondoka pamoja, na wote wanafika kwa lango la uwanja pamoja, dakika tano kabla ya filimbi.

Na lango ni mahali pabaya pa kufika pamoja. Tarehe 23 Oktoba 2010, Gor na Leopards, Nyayo. Watu 7 walikufa kwenye msongamano. Hiyo ilikuwa kabla saa za Mututho hazijaanza kutumika, na sisemi pombe ndiyo iliwaua. Nasema lango halijui kama umechelewa kwa sababu ya kazi, kanisa ama raundi ya tatu. Linajua tu mmekuja wengi kwa wakati mmoja.

Na hatuko peke yetu. Uingereza, sheria ya 1985 ilikataza pombe ndani ya mabasi ya kukodi yanayopeleka mashabiki kwa mechi. Qatar 2022, siku mbili kabla ya Kombe la Dunia kuanza, bia ikaondolewa nje ya viwanja, na kampuni ya bia ilikuwa mdhamini! Kila mahali ni hadithi moja: wakubwa wanachukua pesa ya bia, halafu wanamuogopa anayeinunua.

Barabara nayo ina sheria zake

Mjomba anakumbuka watu wakienda mechi kwa lori, wamesimama, wakiimba. Sheria za Michuki za 2004 zilibadilisha usafiri: mikanda, vidhibiti mwendo, hakuna kusimama ndani ya mathree. Disemba 2013 ikaja Alcoblow. Watu walilalamika mpaka wakatunga nyimbo.

Mimi nashukuru Alcoblow kwa sababu moja tu: dereva wetu wa 2017. Vituo vyote vitatu alikunywa soda. Pale Kyumvi jamaa mmoja wetu akamsukumia chupa, "Boss, moja tu." Akajibu, "Nyinyi mko kumi. Mimi niko na kumi." Sijasikia mtu akieleza usalama barabarani vizuri kuliko hivyo.

Tuliporudi usiku, nusu ya gari walikuwa wamelala. Yeye peke yake ndiye aliona barabara.

Sasa tufanye nini?

Tulifika uwanjani ikiwa karibu mapumziko. Beste yetu alikuwa ametushikia nafasi na koti lake. Akatusimulia lile goli la kwanza kwa mikono, polepole, na mimi nilikuwa naangalia vidole vyake nikijaribu kuona mpira. Mengine niliona mwenyewe: Zanzibar wakisawazisha mwishoni, Masoud Juma akifunga muda wa nyongeza, Zanzibar wakisawazisha tena. 2-2. Halafu penalti, na Patrick Matasi akaokoa tatu. Tukashinda 3-2. Nilikumbatiana na mzee ambaye simjui, wa koti la suti na vuvuzela.

Hiyo nusu saa na zaidi niliyokosa, hakuna mtu alininyang'anya. Mututho hakuninyang'anya, wala polisi. Niliiandika mwenyewe kwa karatasi.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu, na unaweza kunipinga. Kituo cha njiani ni kitu kizuri. Ndipo kundi linakuwa kundi. Ndipo unajua nani ana njaa, nani amefutwa kazi juzi, nani ameleta mdogo wake mara ya kwanza. Historia yote hii inaonyesha kwamba watu waliopanga saa zetu za kunywa hawajawahi kuuliza shabiki chochote, na sitarajii waanze kesho. Basi tujipangie wenyewe, na tupange kama watu wanaopenda mpira.

Siku hizi karatasi yangu iko hivi. Kituo kimoja cha kwenda, cha kula. Lango saa moja kabla ya mechi. Dereva analipwa vizuri na soda zake ni za kundi. Asiyekunywa ndiye anashika saa, na akisema tunaondoka, tunaondoka. Chupa ni baada ya filimbi ya mwisho, kama kuna kitu cha kusherehekea ama cha kusahau.

Mjomba alisoma hiyo orodha akacheka sana. Akaniambia, "Umechukua miaka yote hiyo kufika pale wazee walikuwa."