Katanga: nani anamlipa mfanyakazi akiugua?

Mfanyakazi wa mgodi akishikwa na malaria na kulala siku kumi, mshahara wake unatoka wapi? Katanga swali hili ni la zamani. Sheria zimebadilika mara nyingi, lakini anayelipa amebaki yule yule: mwajiri.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilichukua watu kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa kwa magonjwa kambini. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi ilimpa mwajiri wajibu wa kumtunza mfanyakazi wake. Kufika mwaka 1928, kampuni ilianza mikataba ya miaka mitatu, ikaleta wanawake na watoto kambini, ikajenga hospitali na nyumba za kuzalia. Haikuwa huruma tu. Kutafuta watu Lomami, Rwanda na Burundi kulikuwa na gharama kubwa, na mtu akifa, kampuni ilipaswa kutafuta mwingine.

Baada ya uhuru, serikali iliunda INSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, kwa dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961. Mfuko huo, ambao leo unaitwa CNSS, ulipewa pensheni, posho za familia na ajali za kazini. Ugonjwa wa kawaida haukuwekwa humo. Kanuni ya Kazi ya 1967, na baadaye ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, ziliuacha mabegani mwa mwajiri.

Kanuni ya 2002 inasema hivi: mfanyakazi akiugua, mkataba wake unasimama kwa muda, haufi. Katika muda huo mwajiri anampa theluthi mbili za mshahara wake wa pesa, pamoja na posho za familia. Anayepata franka 300,000 kwa mwezi anabaki na 200,000. Matibabu yake na ya jamaa yake ni juu ya mwajiri pia. Ugonjwa ukipita miezi sita mfululizo, mwajiri anaweza kuvunja mkataba.

Hapo ndipo sheria na mpango wa kampuni vinakutana. Theluthi mbili ni kiwango cha chini. Kampuni na sindika wakikubaliana kulipa mshahara mzima, au kungoja kupita miezi sita, hakuna sheria inayowazuia. Lakini hawana ruhusa ya kukubaliana kushuka chini ya hapo, hata mfanyakazi mwenyewe akitia sahihi.

Kwa miaka mingi watu wa Katanga hawakuona sheria, waliona kampuni. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya serikali kuitwaa mwanzoni mwa 1967, ilikuwa na hospitali, shule na posho ya unga. Miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na kampuni ikaendelea kuporomoka. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Pamoja na kazi walipoteza daktari, kwa sababu haki ya mgonjwa ilikuwa imefungwa kwenye kampuni, na hapakuwa na mfuko wa kuipokea.

Leo, Kolwezi na Likasi, wengi wanaajiriwa na kampuni ndogo zinazofanyia kazi kampuni kubwa, kwa mikataba ya muda mfupi. Theluthi mbili ni haki yao pia. Lakini mkataba wa miezi mitatu ukiisha mtu akiwa kitandani, mwajiri hahitaji kuuvunja. Anaacha tu kuurudisha. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mfanyakazi aangalie mambo mawili: mkataba unaisha lini, na ni nani hasa ameandikwa humo kuwa mwajiri wake.