Usukani Unaocheza

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili usiku, sauti imemkauka. Alikuwa anatoka Lansing kurudi Grand Rapids, binti yake wa miaka kumi na tatu amekaa kiti cha mbele, na upepo wa lori lililokuwa linawapita ukalisukuma gari likavuka mstari. Akageuza usukani kulia. Gari halikusikia. Akaongeza, ndipo likasikia kwa pupa na kurukia upande wa pili. "Shem," akaniambia, "stelingi nilikuwa nayo mikononi, lakini aliyekuwa anaendesha si mimi."

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle ya 1970, la milango miwili, injini ya V8. Alilinunua miaka mitatu iliyopita kwa pesa za zamu za usiku, na tangu hapo amelihudumia kama mtu anayejenga nyumba kijijini kwao, tofali moja moja. Mkewe hakupiga kelele siku ile. Alitoka nje na simu yake akalipiga gari picha, mbele, nyuma na ubavuni, tayari kwa tangazo la kuliuza. Mwisho wa mwezi, akasema, kama bado linayumba basi liondoke.

Mimi si fundi. Nimesomea uandishi wa habari, na spana nazijua kwa majina tu. Kazi niliyopewa ilikuwa kukaa ndani na kutikisa usukani huku shemeji amelala chini akiangalia. Lakini mwandishi hawezi kukaa bure, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kitu kimoja: kwa nini gari lililouzwa kwa sifa ya nguvu lina usukani laini kama wa kuchezea watoto?

Jibu linaanzia kwenye malori. Francis W. Davis, mhandisi aliyezaliwa 1887, alifanya kazi upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, na huko akaona madereva wakipigana na usukani mpaka mabega yakawauma. Nilipofika hapo nilimkumbuka baba mkubwa, aliyeendesha lori kati ya Dar na Tunduma. Mikono yake ilikuwa minene kuliko mapaja yangu, na sisi watoto tulidhani amezaliwa hivyo. Kumbe ni stelingi.

Davis aliacha kazi akajifungia karakana huko Waltham, Massachusetts. Wazo la kutumia mafuta yenye shinikizo kumsaidia dereva halikuwa gumu. Ugumu ulikuwa kwamba mafuta yakifungiwa yakiwa na shinikizo muda wote yanatafuta pa kutokea, na yanapata. Davis akageuza mambo: akayaacha mafuta yazunguke bure wakati gari linakwenda moja kwa moja, na vali zifunge njia pale tu dereva anapogeuza. Shinikizo linakuja likihitajika, halafu linakwisha. Pampu ikimaliza kazi haishikilii kitu. Mwaka 1926 alikuwa na gari la Pierce-Arrow lenye mtambo huo, na akaenda kuwaonyesha wakubwa wa Detroit.

Wakubwa walipenda. General Motors wakaingia naye mkataba. Kisha ukaja mdororo wa uchumi, hesabu za gharama zikapigwa, na mwaka 1934 mpango ukawekwa kabatini. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoutoa, kwa sababu magari ya deraya ni mazito na askari hana muda wa kupigana na usukani. Hata hivyo raia wa kawaida alisubiri mpaka 1951, pale Chrysler walipouza Imperial yenye mtambo waliouita Hydraguide, uliotegemea hataza za Davis ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata General Motors nao wakaingia sokoni. Miaka ishirini na mitano, jamani. Mtu anamwonyesha tajiri kitu kinachofanya kazi, tajiri anakisifia, halafu kinakaa kabatini robo karne.

Sasa angalia kilichotokea baada ya kusubiri kote huko. Kitu kilichobuniwa kuokoa mabega ya dereva wa lori kiliuzwa kama anasa. Sifa ikawa wepesi: geuza kwa kidole kimoja, egesha gari bila kutoa jasho. Ndani ya mtambo kuna kijifimbo cha chuma kinachojisokota unapogeuza usukani, na msokoto huo ndio unaofungua njia ya mafuta. Kikiwa chembamba, msaada unakuja mapema na mkono hausikii barabara. Wamarekani wa miaka ya 1950 na 1960 waliuziwa chembamba, na wakakipenda.

Juu ya ladha hiyo ndipo yakaja magari ya misuli. Mwaka 1964 Pontiac walichukua injini ya ujazo wa inchi 389, takriban lita 6.4, wakaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati wakaiita GTO. Wengine wakafuata mbio, na kufikia 1970 Chevelle iliweza kununuliwa na injini ya inchi 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Injini ya chuma ya namna ile ina uzito wa takriban kilo 300, zote zimekalia tairi za mbele. Aliyetaka pawa stelingi aliilipia zaidi. Kwa hiyo kijana alikanyaga mafuta akiwa na farasi 450, na farasi hao akawashika kwa uzi. Hapo siwezi kuwatetea wabunifu. Walijua kuongeza kasi kuliko walivyojua kuitawala.

Nilimsomea shemeji haya akiwa chini ya gari. Akanijibu, "Sawa, profesa. Sasa kilicholegea ni historia au ni nati?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu gereji ya kwanza haikuliuliza. Walifungua boneti, wakaona skrubu iliyo juu ya boksi la stelingi, wakaikaza. Usukani ukawa mzito kidogo, shemeji akafurahi, akalipa. Kesho yake akikata kona usukani haurudi wenyewe; lazima aurudishe kwa mkono. Na bado ukienda moja kwa moja unacheza.

Boksi lile ni la aina iliyotengenezwa Saginaw, mji ulio jimbo hilihili la Michigan, katika kiwanda ambacho wakati wa vita kilitengeneza pia bunduki. Ndani yake kuna skrubu ndefu, na nati inayotembea juu yake kwa gololi, mamoja na beringi iliyofunguliwa ikapewa njia ya kuzunguka. Nje ya nati kuna meno yanayosukuma shafti inayotoka kwenda kwenye tairi. Meno hayo yamechongwa yabane zaidi katikati, ili gari likienda moja kwa moja usukani usicheze. Lakini barabara nyingi za huku zimenyooka, kwa hiyo katikati ndipo panapolika kwanza. Ukikaza mpaka pale palipolika papone, pembeni pasipolika panabana. Na kama tatizo halikuwa ndani ya boksi, umebana kitu kizima.

Tukaanza upya. Tairi za mbele zikakalia ngazi za chuma, injini imezimwa, mimi ndani nikatikisa usukani kidogo kushoto, kidogo kulia. Shemeji alifuata mwendo ule kuanzia juu kwenda chini, kiungo kwa kiungo, akitafuta pale ambapo upande mmoja unacheza na wa pili umelala. Hakwenda mbali. Kati ya nguzo ya usukani na boksi kuna kisahani cha mpira wenye nyuzi, kazi yake kumeza mtetemo. Chetu kilikuwa kimechoka mpaka kimechanika kandokando. Mkono wangu ulikwenda, boksi likangoja.

Cha pili kilikuwa upande wa abiria: mkono unaobeba ncha ya pili ya fito za stelingi. Ulitakiwa uzunguke tu. Huu ulipanda na kushuka kama kichwa cha mzee anayesinzia msikitini. Tairodi moja nayo ilikuwa imekwisha. Boliti za boksi kwenye chesisi zilikuwa imara, na chesisi haikuwa na ufa.

Tulibadilisha vitu hivyo vitatu. Kisha shemeji akanyoosha tairi, akalegeza nati ya juu, akairudisha ile skrubu iliyokazwa na gereji, halafu akaanza kuikaza tena taratibu sana, robo ya mzunguko na chini ya hapo, akiusikiliza usukani kwa vidole kila mara. Ilichukua karibu saa nzima. Tulimaliza kwa kupeleka gari kupangwa tairi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulipita njia ileile ya Lansing, yeye akiendesha, mimi pembeni, mkewe nyuma bila kusema neno. Lori likatupita. Gari lilisukumwa, akagusa usukani, likarudi. Tulipotoka barabara kuu aliegesha akaniachia niendeshe, na hapo nikaelewa alichokuwa akiuliza. Mchezo ulikuwa umekwisha, lakini wepesi ulikuwepo, wepesi wa ajabu, kama unazungusha sahani kwenye maji. Nikamwambia kuna boksi zenye kijifimbo kinene zaidi, anaweza kubadilisha likawa kama gari la leo.

"Hiyo iache," akasema. "Hiyo ndiyo elfu moja mia tisa na sabini."

Mkewe akainama mbele katikati ya viti vyetu. "Na breki je," akauliza, "ni za mwaka gani?"