Jamaa ya Kolwezi na Padri Placide Tempels

Mwenye kutaka kufahamu ni imani gani iliyowashika wachimba shaba wa Kolwezi katika miaka ya 1950, yafaa aanze na kambi kabla ya kanisa. Kwani kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoona tangu mwisho wa miaka ya 1920 hasara ya kuajiri vibarua wa muda mfupi, iliazimia kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao, wakakutana katika nyumba zilizopangwa safu kwa safu Waluba, Walunda, Wachokwe na watu wa Kasai, wote mbali na wazee wao, wasio na mjomba wa kusuluhisha ugomvi wala shangazi wa kumfunda bi arusi.

Huko Ruwe, karibu na Kolwezi, mnamo 1953, alifika Placide Tempels, padri Mfransisko aliyezaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, na kufika Kongo mwaka 1933, ambaye kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Wabantu kilikuwa kimemletea sifa na pia shaka za wakubwa. Miaka yake ya mwanzo alihubiri kama bwana atoaye bila kupokea; baadaye akageuka kuwauliza watu wanatamani nini hasa nyoyoni mwao, nao wakamjibu: uzima, uzazi, mapendo. Katika matatu hayo akayatambua matamanio yake mwenyewe, na juu ya hayo matatu ikajengwa Jamaa, harakati ya kidini ya wanandoa.

Mume na mke waliingia pamoja, daraja baada ya daraja, wakifundwa kwa Kiswahili cha kambini na wenzao waliotangulia, wakiitana baba na mama; na padri naye, licha ya upadri wake, alihesabiwa kuwa amezaliwa na hao aliowazaa. Wengi humtaja Tempels peke yake kuwa mwasisi. Mimi naona fadhila hiyo ni haki pia ya wenyeji wa kambi, waliofanya udugu mahali ambapo nasaba haikuwaunganisha.

Mwaka 1962 Tempels alirudi Ubelgiji, asirejee tena hadi kufariki kwake mwaka 1977. Maaskofu waliingiwa na wasiwasi, hasa kwa habari za waliopotoka, na baadhi ya wafuasi wakatengwa na Kanisa. Hata hivyo, mtaalamu Johannes Fabian, aliyeichunguza Jamaa katika miji ya migodi kuanzia 1966, aliikuta ingali hai bila ya padri huyo, na waliokuwa wakitoa mafundisho ni wafanyakazi wa migodi na wake zao.