Amri na jibu: kutoka Lewisham hadi Python

Karibu na kituo cha treni cha Lewisham, kusini mashariki mwa London, palikuwa na kiwanda kilichoitwa Century Works. Kampuni ya Elliott Brothers, mafundi wa vifaa vya vipimo, ilihamia hapo mwaka 1900.

Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza meza ya Dreyer, mashine ya kukokotoa shabaha iliyotumiwa na manowari za Uingereza katika mapigano ya Jutland mwaka 1916.

Meza hiyo haikumwona adui. Ilitegemea vipimo vya umbali vilivyoletwa na mabaharia waliokuwa juu na darubini zao. Kila kipimo kilitiwa alama kwenye karatasi iliyokuwa ikisogea, kizuri na kibaya, ili ofisa aliyekuwa chini atambue kwa jicho kipi kimepotoka. Wanahistoria wangali wanabishana kuhusu usahihi wa hesabu zake, lakini kuhifadhi hata jibu baya kulikuwa busara kubwa.

Tatizo lilelile la kuagiza na kupokea jibu kamili lilizikabili kompyuta. Mwaka 1973, katika maabara ya Bell nchini Marekani, mfumo wa Unix ulipata bomba, yaani njia ya kupeleka matokeo ya programu moja hadi nyingine. Wazo lilikuwa la Doug McIlroy. Ken Thompson akalitekeleza.

Lugha ya Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, nayo iliweza kuziagiza programu nyingine. Lakini amri yake rahisi, os.system, ilirejesha namba tu ya kuonyesha kama kazi imefaulu. Maandishi yaliishia kwenye skrini. Kazi ya kunakili hesabu za benki ikikwama usiku wa manane, nani yuko mbele ya skrini?

Mwaka 2004, toleo la 2.4 lilileta subprocess, pendekezo la Peter Åstrand. Programu inayoagiza ikaweza kupokea kwa njia moja matokeo, taarifa za makosa na namba ya kumaliza kazi, kila kimoja peke yake.

Mtego mmoja ulibaki. Katika Linux, bomba kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, programu iliyoagizwa husimama; na iliyoagiza, ikiwa inangoja mwenzake amalize kwanza, husimama pia. Hakuna kosa linalotangazwa. Dawa ni kusoma kazi ikiendelea, kama wale wa meza ya Dreyer, ambao hawakungoja mapigano yaishe ndipo wachore.