Adabu za Mtandaoni: Zilianzia Wapi, na Nini Kilizivunja?



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu wanafunzi, wengi wetu tunadhani kwamba matusi yamo mtandaoni tangu siku ya kwanza, kama chumvi ilivyo ndani ya maji ya bahari. Historia haisemi hivyo.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kompyuta kupelekeana maandishi kupitia laini za simu. Ikaitwa Usenet, na ikafunguliwa mwaka 1980. Mtu akiandika neno lake, kompyuta moja huipokeza nyingine, mpaka likasomwa mbali na watu asiowajua kabisa.

Tatizo likajitokeza mapema: maandishi hayana uso, na anayetania haonekani akicheka. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon watu waliandikiana mzaha kuhusu lifti iliyomwagikiwa zebaki, na wengine wakadhani ni onyo la kweli. Basi tarehe 19 Septemba 1982 mwalimu mmoja wa hapo, Scott Fahlman, akapendekeza nukta mbili, kistari na mabano ziwe alama ya mzaha. Tazama kichwa ukiwa umekilaza upande, utaona uso unaotabasamu. Ikazoeleka pia kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kumpigia mwenzio kelele. (Msomaji wa Suuratul Hujuraat hatashangaa. Sura hiyo ina aya 18 tu, na ndani yake mmekemewa kunyanyua sauti mbele ya Mtume, Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam, kupokea habari bila kuhakiki, kudharauliana, kuitana majina mabaya na kusengenyana.)

Adabu hizi hazikuwa sheria ya serikali yoyote. Zilipita kwa malezi. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya, nao wakaingia Usenet na kuvuruga mambo. Wakubwa wakawasahihisha, na baada ya wiki chache wageni wakawa wenyeji. Kisha katika 1993 na 1994 kampuni za biashara, maarufu zaidi ikiwa ni AOL, zikawafungulia wateja wao mlango. Wageni hawakuja tena kwa msimu, walikuja kila siku. Januari 1994 mtu mmoja aitwaye Dave Fischer aliandika kwamba Septemba ya 1993 itakumbukwa kuwa ni Septemba isiyokwisha, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Sisi walimu wa madrasa tunalielewa jambo hili haraka. Darasa la watoto thelathini likipokea wageni watatu, wale watatu hutazama wenzao wanavyokaa, wanavyomsikiliza ustadhi na wanavyoombana radhi, nao wakafuata. Likipokea mia mbili asubuhi moja, thelathini ndio watakaofuata mia mbili. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema wale wageni walikuwa watu wabaya. Walikosa mtu wa kuwafundisha tu, kwani waliojua walizidiwa idadi.

Mwaka 1995, mwezi wa Oktoba, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliziweka adabu hizo katika waraka mmoja. Waraka huo unamshauri mgeni asome mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika chochote. Ukiwa na hasira, lala kwanza ndipo ujibu. Ushauri mzuri kabisa, lakini waraka haumshiki mtu mkono.

Hilo tuliliona karibu na sisi. Tarehe 30 Desemba 2007 yalitangazwa matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya, na fujo zikalipuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Sisi wa nchi jirani tuliyahisi hata kwenye bei ya petroli, maana njia ya kutoka Mombasa ilikwama. Wakati huo huo jumbe za simu za kuchochea ukabila zilikuwa zikisambazwa. Na katika Mashada, baraza la mtandaoni ambalo Wakenya wengi walilitumia, mazungumzo yaligeuka kuwa matusi ya kabila kwa kabila, mpaka wasimamizi wakashindwa kuyazuia. Mwenye nalo, David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, alilifunga mwishoni mwa Januari 2008.

Wapo waliomlaumu. Kwa maoni yetu alifanya sawa: mwenye nyumba ana haki ya kuzima taa wageni wake wanapochomoleana visu. Mahali pake aliweka tovuti yenye jina lenye maana ya “sina kabila”, watu wakaandika humo maneno ya amani. Kobia huyo huyo alishirikiana na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman kuanzisha Ushahidi, iliyokusanya habari za fujo kutoka kwa wananchi wenyewe, kwa simu na kwa mtandao, na kuziweka kwenye ramani. Kazi yao ngumu ilikuwa kupambanua habari ya kweli na uvumi. Programu hiyo ilitumika tena Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.