Karantini Iliyomsahau Baharia

Tarehe 3 Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess ilirudi Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Siku mbili kabla yake ilikuwa imebainika kwamba abiria mmoja aliyeshukia Hong Kong tarehe 25 Januari alikuwa na virusi vipya vya korona. Serikali ya Japani ikazuia watu kushuka, na kuanzia tarehe 5 abiria 2,666 waliamriwa wabaki vyumbani mwao kwa siku 14. Dunia nzima ilifuatilia habari zao. Watu 1,045 waliobaki, yaani wapishi, wahudumu, wafagiaji na mafundi wa mitambo, wengi wao kutoka Ufilipino, India na Indonesia, hawakufungiwa. Walipika, wakapakua, wakabeba vyakula mlango kwa mlango, kisha usiku wakateremka sitaha za chini kulala chumba kimoja na wenzao. Kesho yake walikaa pamoja bwaloni kula, barakoa zikiwa zimevuliwa. Mwishowe watu 712 wa meli ile walithibitika kuambukizwa, na zaidi ya kumi walikufa. Wengi wamelieleza jambo hili kama uzembe wa maofisa wachache. Mimi naliona kuwa zao la desturi ya karne sita, iliyobuniwa ili kuilinda bandari dhidi ya meli, na ambayo mara chache mno ilijiuliza ni nani atakayemlinda mtu wa melini dhidi ya mwenzake aliye karibu naye. Kanuni za barakoa, pamoja na chuki zote zilizozizunguka, zilikuwa miongoni mwa majaribio machache ya kuliingiza swali hilo ndani ya meli, na zilikwama palepale desturi ya kale ilipokuwa imeacha pengo.

Asili ya desturi hiyo iko Bahari ya Adria. Mwaka 1377 wakuu wa Ragusa, mji unaoitwa leo Dubrovnik, waliagiza kwamba yeyote atokaye mahali penye tauni akae siku 30 nje ya mji kabla ya kuingia. Venice ikafuata, na mwaka 1423 ikafungua katika kisiwa kidogo cha wangwa wake kituo cha kudumu cha kuwatenga wagonjwa. Kutoka huko mtindo ulienea katika bandari za dunia: bendera ya njano mlingotini, daktari wa bandari akipanda melini kukagua, na kisiwa cha kusubiria. Pwani yetu iliupokea pia. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lloyd Mathews alisimamia mwaka 1893 ujenzi wa jela ambayo haikupata kufunga wahalifu. Kisiwa kikageuzwa kituo cha karantini kwa ajili ya homa ya manjano na maradhi mengine yaliyohofiwa kuingia na meli. Ukiyatazama majengo ya namna hii popote yalipo, utaona fikra moja: hatari iko upande wa bahari, na usalama ni umbali kati ya chombo na mji. Walio ndani ya chombo wahesabiwe kuwa kitu kimoja, wazima pamoja au wagonjwa pamoja. Wakati wa tauni fikra hiyo ilikuwa na kasoro hata kwa bandari yenyewe, kwa kuwa binadamu alizuiwa melini huku panya, mbeba viroboto, akishuka kwa kamba za gatini bila kuulizwa.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kusema desturi hii haikufaa kitu. Mwaka 1918 ulitoa ushahidi usiopingika. Tarehe 7 Novemba meli Talune kutoka Auckland ilifika Apia, Samoa Magharibi, ikiwa na wagonjwa wa mafua makali yaliyokuwa yakienea duniani, na abiria wakaachwa washuke. Katika muda mfupi zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano wa Samoa Magharibi, iliyokuwa chini ya New Zealand, alikuwa amekufa. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, katika Samoa ya Marekani, gavana John Poyer alizifungia meli njia, na hakufa hata mmoja kwa mafua yale. Anayetaka kuidharau karantini ya bandari aikumbuke kwanza tofauti hiyo. Lakini mwaka uleule ulionyesha pia bei iliyolipwa upande wa pili. Meli Boonah, iliyobeba askari wa Australia, iligeuzia Durban baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, na huko mafua yakaingia melini wakati wa kupakia. Ilipofika karibu na Fremantle, Australia, mwezi Desemba mamia walikuwa wagonjwa. Waliozidiwa walishushwa kituo cha karantini cha Woodman Point. Wengine wakaachwa ndani ya chombo kilichosongamana, ugonjwa ukiendelea kuwapitia. Askari 27 na wauguzi wanne walifia Woodman Point. Bandari ilifanya wajibu wake, ila hakuna kanuni iliyomwambia nahodha namna ya kupunguza pumzi ya mgonjwa kumfikia mzima aliyelala kando yake.

Kanuni hiyo haikukosekana kwa sababu ya ujinga. Karibu miaka minane kabla ya Boonah, wakati wa tauni ya mapafu huko Manchuria, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alishikilia kwamba ugonjwa ule unapita kwa hewa kutoka mtu hadi mtu, akaagiza wahudumu wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari Mfaransa Gérald Mesny, mkubwa kwake kwa umri, alimpuuza, akaingia wodini bila barakoa, na baada ya siku chache akafa kwa tauni ileile. Mwaka 1918 miji kama San Francisco iliwalazimisha wakazi wake kuvaa barakoa. Ujuzi ulikuwapo nchi kavu, ila sheria ya bahari ilikuwa inatazama kwingine. Mkataba wa kimataifa wa afya wa mwaka 1926 ulihusu tauni, kipindupindu, homa ya manjano, ndui na homa ya chawa. Ulijaa habari za panya, ufukizaji na vyeti. Mafua, yaliyokuwa yameua mamilioni miaka michache tu nyuma, hayakuingia katika orodha hiyo. Kwa hiyo biashara ya meli za kitalii ilipokua, kutoka vyombo vya mamia ya watu hadi majumba yaeleayo ya watu elfu tano na zaidi, ilirithi karantini inayojua kuhesabu siku na kupiga dawa, lakini isiyojua kuongoza hewa.

Ndiyo maana naurudia mkasa wa Yokohama. Wachunguzi walipofuatilia maambukizi ya mwanzo ya wafanyakazi, waligundua kwamba kufikia tarehe 9 Februari walioambukizwa walikuwa 20, kati yao 15 wakiwa watu wa kitengo cha chakula, na 16 wakilala sitaha ya tatu, makao ya watu wa kitengo hicho. Waliambukizana mahali pa kazi na mahali pa kulala, kisha haohao ndio waliokuwa wakigonga milango ya abiria. Tarehe 18 Februari Kentaro Iwata, bingwa wa maambukizi kutoka Chuo Kikuu cha Kobe, alipanda melini na kutoka akilalamika hadharani kwamba eneo safi na eneo chafu hayakutenganishwa. Uchambuzi wa kihesabu uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya maambukizi melini yalipitia chembe ndogo za pumzi zieleazo hewani. Jambo la kutisha zaidi lilikuwa hili: kati ya wale 712, watu 331 hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Daktari wa bandari wa karne zote hizo alitafuta homa, kikohozi au upele. Mbele ya ugonjwa unaotembea bila dalili, jicho lake halikuwa na kazi, na kilichobaki ni kumzuia kila mtu asimpumulie mwenzake, awe anaonekana mzima au la. Hiyo ndiyo kazi ya barakoa.

Hapa mpinzani atauliza, na ana haki: kuna ushahidi gani kwamba barakoa ilisaidia melini? Ushahidi ninaoupa uzito zaidi unatoka katika manowari ya Marekani, Theodore Roosevelt, yenye watu wapatao 4,800, iliyofika Guam mwishoni mwa Machi 2020 huku virusi vikienea ndani yake. Zaidi ya elfu moja waliambukizwa. Mwezi Aprili wanajeshi 382 walijitolea kupimwa na kuhojiwa: waliosema walivaa barakoa, asilimia 55.8 walikuwa wameambukizwa. Wasiovaa, asilimia 80.8. Watu hao walijitolea, hawakuchaguliwa kwa kura, na anayevaa barakoa huenda ndiye pia anayekwepa mikusanyiko. Ninakubali. Lakini hata baada ya kupunguza uzito kwa sababu hizo, tofauti ya robo nzima si ya kupuuzwa. Ushahidi mwingine uliotajwa sana ni wa meli Greg Mortimer iliyoondoka Ushuaia, Argentina, tarehe 15 Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa homa alipoonekana siku ya nane, abiria wote walipewa barakoa na kufungiwa vyumbani. Watu 128 kati ya 217 waliopimwa walikutwa na virusi, na 104 kati yao hawakuwa na dalili. Wapo waliodai kwamba barakoa ndizo zilizowafanya wengi wasiugue kwa kupunguza wingi wa virusi walivyovuta. Siwezi kuifuata hoja hiyo, kwani safari moja isiyo na kundi la kulinganisha haiwezi kubeba dai zito kiasi hicho. Ninachokisoma mimi ni kwamba barakoa inayogawiwa baada ya homa ya kwanza imechelewa, kwa kuwa virusi vimeshazunguka meza zote za chakula.

Hata tathmini ya Januari 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, inayoshikwa kama fimbo na wapinzani wa barakoa, haisemi wanayoisemesha. Ilikusanya majaribio ya kuwahimiza watu wavae barakoa na kuyaona hayatoshi kutoa jibu la uhakika, na mwezi Machi mwaka huohuo mhariri mkuu wake alitamka wazi kwamba ni makosa kuitafsiri kuwa barakoa hazifanyi kazi.

Sheria zenyewe zilikuja kwa kuyumba. Tarehe 14 Machi 2020 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilizipiga marufuku safari za meli za kitalii. Mwishoni mwa Januari 2021 kikaamuru barakoa katika vyombo vyote vya usafiri wa umma, na melini mtu aliruhusiwa kuivua anapokula, anapokunywa au anapokuwa chumbani mwake. Safari kutoka bandari za Marekani ziliporejea Juni mwaka huo, meli ambazo karibu kila mtu alikuwa amechanjwa ziliruhusiwa kulegeza. Hapo pana hoja nyingine ya kweli: chanjo ilipunguza vifo mno, basi barakoa ya nini tena? Desemba ilijibu sehemu ya swali hilo. Kirusi cha Omicron kilipoingia, taarifa za maambukizi melini kwa CDC zilipanda kutoka 162 katika nusu ya kwanza ya mwezi hadi zaidi ya 5,000 katika wiki mbili zilizofuata, ingawa wengi wa waliokuwamo walikuwa wamechanjwa, na kampuni kubwa zikarudisha barakoa kumbini. Chanjo iliokoa uhai, lakini haikuzuia maambukizi yote. Tarehe 18 Aprili 2022 jaji wa shirikisho huko Tampa alifuta amri ya barakoa katika usafiri kwa kuwa CDC ilivuka mamlaka yake. Hakuamua kama barakoa inakinga au haikingi.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote inatoka kwenye maisha ya melini yenyewe. Watu hula mara tatu au zaidi kwa siku, hunywa, huimba, hucheza. Barakoa inayovuliwa saa zote hizo itazuia nini? Kwa abiria jibu linapatikana: apunguze saa za ukumbini, ale sitahani penye upepo, alale chumbani mwake na mtu aliyesafiri naye. Kwa baharia hakuna njia ya kuchagua. Hula katika bwalo lililopangiwa zamu yake, na kanuni ilipomruhusu avue barakoa "chumbani mwake", ilimruhusu kuivua mbele ya mwenziwe aliyepangiwa na kampuni, ambaye huenda anatoka zamu jikoni. Kumwagiza mtu huyo avae barakoa saa kumi za kazi na kumlaza na mgeni saa nane za usingizi ni kuufunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi, kisha kulaumu kufuli. Barakoa ilistahili kuamriwa, na ningetaka iamriwe tena mapema zaidi janga jingine likija. Ila haiwezi kufanya kazi ambayo ni wajibu wa mwenye meli: vyumba, hewa safi, vipimo, na likizo ya ugonjwa yenye malipo ili mtu asifiche homa kwa kuogopa kukatwa mshahara.

Wajibu huo una mahali pake katika sheria, na ndipo pa kupagusa. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka kila baharia apewe chumba chake mwenyewe cha kulala, na hapohapo unaziondoa meli za abiria katika sharti hilo. Mhudumu wa meli ya mizigo amelindwa. Anayehudumia maelfu ya wageni hakulindwa. Kenya na Tanzania zote zimeridhia mkataba huu, meli za kitalii hutia nanga Mombasa na Zanzibar, na serikali zetu zina sauti katika vikao vinavyoufanyia marekebisho. Zidai kwamba msamaha huo wa meli za abiria uondolewe, angalau kwa meli zitakazojengwa kuanzia sasa.